Herufi Iliyokwenda Likizo

Si hapo kale, wala si kesho kutwa. Ni juzijuzi tu, katika Jamhuri ya Shwari, nchi ambayo watu wake walikuwa wametulia hata serikali ikaajiri askari elfu arobaini wa kuulinda utulivu huo usije ukakimbia.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mwangalizi Mkuu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuangalia. Asubuhi moja, akiwa safarini kwenda ng'ambo kutibiwa uchovu, alisimama kwenye ngazi ya ndege akatamka neno la hekima: kila raia apigwe picha mpya ya kitambulisho, na katika picha hiyo awe amekunjua uso, ili dunia ijue kwamba hapa watu wana raha zao. Ndege ikapaa. Mpiga chapa wa Ikulu akaketi kuandika Waraka Namba Tisa. Kama ni kidole kilichoteleza au ni mashine iliyoshikwa na kwikwi, hakuna ajuaye. Waraka ulipotoka ulisomeka hivi: kila raia apigwe picha akiwa amekunja uso.

Herufi moja tu, u. Ukiidondosha sakafuni huisikii.

Idara ya Nyuso ilikaa kikao cha siku tatu kuujadili Waraka. Karani mmoja, mgeni kazini, akanyoosha mkono. "Waheshimiwa, samahani, hapa si u imeanguka?"

Mkurugenzi wa Idara, Bwana Shomvi Kalamba, alimtazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. "Ndugu karani," akasema, "waraka wa Ikulu haukosei. Anayekosea ni msomaji."

Karani akahamishiwa kituo cha hali ya hewa huko mpakani, ambako mpaka leo anahesabu mawingu. Tangu Jamhuri iasisiwe, hakuna kiongozi aliyewahi kusema amekosea. Hata kamusi rasmi ilikuwa na "umekosea", "mmekosea" na "wamekosea". "Nimekosea" haikuwamo, kwa kuwa ilionekana haina matumizi.

Jioni Bwana Shomvi akahutubia redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "uso uliokunjwa ni uso unaofikiri. Ng'ombe amekunjua uso wake kutwa kucha. Je, amejenga barabara gani?" Makofi yakasikika, nayo yalikuwa yamerekodiwa jana yake. Kisha akaeleza utaratibu. Raia wa kawaida atakuwa na mikunjo mitatu kwenye paji la uso, isipungue wala isizidi. Mikunjo mitano ni ya mawaziri. Mikunjo sita ina mwenyewe, na kwa sasa yuko ng'ambo anapumzika. Kila ofisi ya Idara ikapewa rula ya plastiki ya kupimia.

* * *

Habari hizo zilimkuta Sikujua juu ya ngazi. Alikuwa mpigapicha, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, na kibao cha duka lake kilikuwa kimesema KUNJUA USO STUDIO kwa miaka ishirini na sita. Askari wawili wenye kopo la rangi walisimama chini wakimngoja afute.

"Ni herufi moja tu, dada yangu," mmoja alimwambia kwa upole. "Wenzio wa Kunjuka Hoteli tumewang'olea paa."

Akafuta. Askari wa pili akatoa daftari. "Jina?"

"Sikujua."

"Hukujua jina lako?"

"Ndilo jina langu. Mama alibeba mimba yangu miezi minne hajui kama anayo."

Askari akafikiri sana, kisha akaandika: Hajui. Tangu siku hiyo, kwa serikali, Sikujua akawa Hajui.

Huyu Sikujua alikuwa fundi, na ufundi wake ulikuwa wa namna yake. Wapigapicha wengine humwambia mtu acheke, naye mtu akatoa meno kama yuko kwa daktari. Sikujua hakuwahi kumwamuru mtu uso. Aliamini kila uso una neno lake. Basi atazunguka studio, atasogeza taa, atavuta pazia, huku akimuuliza mteja habari za mkwe, za shamba, za mbuzi, mpaka neno lenyewe liguswe, na hapo uso utatoka wenyewe kama kobe aliyeona mvua. Kuna hakimu mmoja mkali ambaye neno lake lilikuwa "maandazi". Picha ya hakimu yule bado watu wanaizungumza.

Lakini mwenyewe hakutulia. Hakuweza kukaa kitako muda wa kumaliza kikombe cha chai, hasa ikifika saa kumi alasiri. Saa hiyo atafagia palipofagiliwa, atafuta lenzi iliyofutwa. Na sababu yake ilikuwa Chande.

Chande alikuwa mdogo wake, mwalimu wa hesabu. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja studio kupiga picha ya kuombea kazi, akakaa kitini amekakamaa kama kigingi. Sikujua akamkumbusha siku mbuzi wa mwalimu mkuu alipokula daftari la mahudhurio, shule nzima ikaandikwa haikuhudhuria. Chande akacheka mpaka akashika mbavu. Sikujua akabonyeza. Hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile, kabla wala baadaye. Kwa bahati mbaya, wiki hiyo Jamhuri ilikuwa katika maombolezo ya kitaifa ya paka wa Ikulu, na tarehe iligongwa nyuma ya picha. Wakaja mabwana wawili wenye adabu zao, na gari jeupe, wakamwomba Chande akasaidie upelelezi kidogo. "Atarudi kabla ya chai ya saa kumi," walimwambia Sikujua. Upelelezi wa Jamhuri ni wa kina sana. Chande bado anausaidia.

Mama yao, Bi. Mashavu, siku hiyo alikuwa kwa dada yake milimani. Aliporudi, Sikujua alishindwa kumwambia. Alimwambia kwamba Chande amepata kazi ya kufundisha ng'ambo, kwenye baridi. Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa, basi kila miezi miwili Sikujua akawa anaandika barua, anaitia kwenye bahasha, na kumsomea mama yake ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Bi. Mashavu husikiliza, kisha hucheka mpaka khanga inamdondoka.

Kwani Bi. Mashavu kila kitu kwake kilikuwa kicheko. Mvua ikinyesha anacheka, isiponyesha anacheka. Umri miaka sabini na mitatu, meno manne, na vishimo viwili vya mashavuni vilivyompa jina.

Ila sasa alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, na la kulia limebakiwa na mwanga kama wa tundu la ufunguo. Madaktari bingwa kutoka nje wangekuwa hospitali kuu mpaka tarehe thelathini, na muuguzi alimwambia Sikujua bila kuzunguka: hawa wakiondoka hatujui wengine watakuja lini, na mama yako hana muda huo. Wakati huohuo mlango wa hospitali haufunguki bila kadi mpya. Waraka ulisema wazi kwamba asiye na kadi tarehe thelathini atahesabika hayupo, na mtu asiyekuwepo hapasuliwi macho.

* * *

Leseni ya kupiga picha za kadi ilimtaka mpigapicha ajipige mwenyewe kwanza. Sikujua aliiweka kamera kwenye miguu mitatu, akaifunga waya wa kufyatulia, akakaa mbele yake. Hakuhitaji kutafuta neno. Alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na uso ukajikunja wenyewe.

Pale Idara, Bwana Shomvi aliiwekea rula picha hiyo akashtuka. "Mitano! Bi. Hajui, unataka uwaziri?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi punguza miwili."

Akaenda akajipiga tena saa tatu asubuhi, ikatoka mitatu, akapewa leseni. Kwa muda wa wiki mbili mji mzima ulipita kwenye kiti chake. Kazi ilikuwa rahisi kuliko alivyotarajia. Wengi walianza kukunja uso tangu wakiwa kwenye foleni, na wengine walisema hawakumbuki walikunjua lini.

Aliyeshindikana ni mama yake.

"Mama, fikiria jambo linalokuudhi."

"Haya." Bi. Mashavu akafikiri. Mabega yakaanza kutikisika. "Namfikiria Bwana Shomvi na rula yake," akasema, akaangua kicheko.

Picha ya kwanza ilikataliwa, mikunjo sifuri. Sikujua akamlambisha ndimu. Bi. Mashavu akasisimka, akasema imemkumbusha mimba ya Sikujua, akacheka. Picha ya pili, sifuri. Sikujua akampaka shubiri mdomoni. "Ndivyo nilivyokuachisha ziwa," mama akasema, "leo umelipiza!" Kicheko kikasikika mpaka barabarani. Picha ya tatu Bwana Shomvi hata rula hakuigusa.

"Bi. Hajui," akasema, "bibi huyu anaitukana serikali kwa meno manne. Leo ni tarehe ishirini na nane. Kesho ndiyo mwisho wangu wa kupokea picha."

* * *

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa Sikujua alizunguka studio mpaka mama yake akamuuliza kama anatafuta sindano. Alisogeza taa, akairudisha. Alivuta pazia, akalifungua. Neno alilijua. Alikuwa analijua tangu siku ya kwanza, na ndimu na shubiri zote zilikuwa za kulikimbia.

Akasimama nyuma ya kamera, kwa sababu asingeweza kulisema akiwa mahali pengine.

"Mama. Chande hayuko ng'ambo."

Bi. Mashavu alikuwa bado anatabasamu, amemgeuzia jicho lile lenye tundu la mwanga.

"Walimchukua. Miaka kumi na moja sasa. Sijui yuko wapi, sijui kama yupo. Barua naandika mimi."

Kicheko kiliondoka usoni mwa mama kidogokidogo, kwanza macho, kisha vishimo, mwisho mdomo. Paji la uso likajikunja mara moja, mara mbili, mara tatu. Kidole cha Sikujua kilikuwa kidole cha mpigapicha wa miaka ishirini na sita, kikabonyeza bila kumuuliza mwenyewe. Aliposikia mlio wa kamera alijichukia.

"Nilijua," akasema Bi. Mashavu.

"Ulijua nini, mama?"

"Barua ya kwanza ilianza 'Mama yangu mpendwa'. Chande tangu aanze kusema hajapata kuniita mama. 'We Mashavu, njaa inaniuma.' 'We Mashavu, viatu vyangu viko wapi?' Nikasema moyoni, huyu Siku anayabeba peke yake. Nikawa nacheka. Maana nikicheka ulikuwa unakaa, walau kidogo." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa nakuchekea wewe, mwanangu. Sasa umesema, nimchekee nani?"

Saa sita kasoro robo Sikujua aliipeleka picha Idara. Mikunjo mitatu kamili. Bwana Shomvi alipiga muhuri, kisha akaichukua tena ile picha akaitazama kwa muda mrefu.

Tarehe thelathini Bi. Mashavu akapasuliwa macho. Bandeji zilipotolewa alimwona binti yake sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka. "Umezeeka," akasema. Hakucheka.

* * *

Idara ilipokusanya picha milioni sita, kamati ya wataalamu kumi na tisa iliteua moja iwe Sura ya Taifa. Ikateuliwa ya Bi. Mashavu. Bwana Shomvi akasema katika hafla kwamba haujapata kuonekana mkunjo wa uzalendo kama ule. Nakala elfu nne zikatundikwa, moja katika kila ofisi ya umma, juu ya kichwa cha mkubwa wa ofisi, na ikatangazwa kuwa ni kosa kuigeuza, kuifunika au kuikwepa.

Hapo ndipo utulivu wa Jamhuri ulipoanza kuingia nyufa. Picha ile ilikuwa imepigwa mtu akimtazama mtu, si akiitazama kamera, na kila aliyeingia ofisini aliona anatazamwa yeye. Haikuwa na hasira. Ilikuwa kama inauliza swali na kungoja jibu. Karani wa ardhi aliyekuwa ameficha jalada la mjane miaka saba alilitoa mwenyewe, akalipeleka nyumbani kwa mjane kwa miguu. Mkuu wa polisi wa wilaya alianza kula chakula cha mchana kwenye ghala. Waziri mmoja aliugua kwikwi, akapelekwa ng'ambo, na huko ubalozini akaikuta ukutani.

Bwana Shomvi aligeuza kiti chake ili asiione. Ikawa iko nyuma ya kisogo chake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anainuka kila dakika tano, anakwenda dirishani, anarudi, anapanga rula zake upya.

"Huyu bibi anataka nini?" akamuuliza katibu wake siku moja.

"Sijui, mkuu. Lakini mimi jana nilimwomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Hilo nalo sijui."

* * *

Katika hali hiyo ndipo Mwangalizi Mkuu akarudi, uchovu umemtoka. Toka uwanja wa ndege mpaka Ikulu aliona watu wamekunja nyuso pande zote mbili za barabara, wakipunga bendera. Ofisini kwake akakutana na Bi. Mashavu ukutani. Akakaa. Akasimama.

"Hawa watu wana nini?" akafoka. "Nilisema wakunjue!"

Bwana Shomvi akaitwa, akaja mbio. Kesho yake ukatoka Waraka Namba Kumi. Serikali haikukosea, la hasha. Waraka ulieleza kwamba ile herufi u ilikuwa kwenye likizo yake halali ya mwaka, na sasa imerejea kazini. Kwa hiyo raia wote wapigwe upya, safari hii wamekunjua, na wa kwanza awe Sura ya Taifa mwenyewe, ndani ya siku saba.

Bwana Shomvi alikuja studio na msafara wa magari manne. Akamkuta Bi. Mashavu amekaa kitini tayari, Sikujua amesimama kando ya kamera.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, sasa unaruhusiwa kucheka."

"Ahsante," akasema Bi. Mashavu, na uso ukabaki vilevile.

Wakamletea mchekeshaji wa taifa, akaanguka mara tatu juu ya mkeka. Wakamletea halua na doti sita za khanga. Siku ya nne Bwana Shomvi mwenyewe, jasho likimtiririka, aliigiza sauti ya jogoo. Sikujua alimwonea haya akatazama pembeni.

"Mama yangu," akasema Mkurugenzi, sasa anapiga magoti kabisa, "kazi yangu iko mashavuni mwako. Nikufanyie nini ucheke?"

"Binti yangu atakwambia kila uso una neno lake," Bi. Mashavu alimjibu. "Langu ni mwanangu Chande. Mleteni aje aniite Mashavu. Mara moja tu. Nitakunjua mpaka mchoke kupiga."

Bwana Shomvi akatoka nje kupiga simu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, wote waliisikia: hakuna mtu wa jina hilo, hakuwahi kuwepo, na akitokea aambiwe hayupo.

Lakini serikali haishindwi na jambo dogo. Siku ya saba, asubuhi, gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka mwanamume wa miaka thelathini na kitu, suti mpya, ameshika cheti chenye mihuri mitatu kinachothibitisha kwamba yeye ni Chande. Bwana Shomvi akamsukuma mbele. "Huyo hapo, mama. Mwanao."

Yule mtu akatoa karatasi mfukoni. Akasoma: "We... Mashavu."

Bi. Mashavu akamtazama. Alimtazama kwa macho ambayo Jamhuri yenyewe ndiyo iliyoyafungua, akaona mpaka vinyweleo vya kidevuni.

"Sogea, baba," akasema. Yule mtu akasogea. "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anajua uko hapa?"

Yule mtu alikunja karatasi yake, mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama kucha. "Hajui," akasema. "Walinichukua juzi kwenye foleni ya picha. Wakasema nisaidie kidogo, nitarudi kabla ya chai."

"Basi nenda. Nenda sasa hivi, mama yako anakungoja." Akamgeukia Mkurugenzi. "Bwana Shomvi, mwache aende."

Na Bwana Shomvi, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa ametazamwa kisogoni na uso huo, hakupata nguvu ya kusema hapana. Yule mtu akatoka kwa miguu, kisha wakamsikia anakimbia.

Jioni hiyo ukatolewa Waraka Namba Kumi na Moja, wa mwisho kuhusu jambo hilo. Ulisema kwamba baada ya uchunguzi wa kitaalamu imebainika kuwa Sura ya Taifa ilikuwa imekunjua uso tangu mwanzo, na uso wowote unaofanana na huo usomeke kuwa ni wa furaha.

Walifikiri wamemaliza. Kesho yake kulipopambazuka kulikuwa na foleni mbele ya KUNJA USO STUDIO, mama wa watu, baba wa watu, wake, mabinti. Kila mmoja alikaa kitini. Sikujua alimuuliza neno lake, naye akataja jina moja tu la mtu aliyekwenda kusaidia upelelezi, na uso ukatoka wenyewe. Idara ikazipokea zote. Kwa mujibu wa sheria zilikuwa picha za furaha, na hakuna karani aliyekuwa na mamlaka ya kuzikataa.

* * *

Ilibaki picha moja, ya mpigapicha mwenyewe. Leseni ilitaka Sikujua naye apigwe upya.

Alifunga mlango alasiri, akaweka kamera kwenye miguu mitatu, akatafuta waya wa kufyatulia.

"Uache huo waya," akasema Bi. Mashavu. "Si naona sasa? Nitakupiga mimi. Kaa."

Sikujua akakaa. Mama yake akainama nyuma ya kamera, jicho moja amelifumba, ulimi nje kidogo. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Sikujua alitaka kuinuka akafagie.

"Kaa, nimesema. Haya, neno lako nini?"

"Sina, mama."

"Unalo. Tangu siku ile unalizunguka kama kuku mwenye yai. Liseme."

Sikujua alitazama mikono yake. Neno lilikuwa gumu, hata kwenye kamusi rasmi halikuwamo.

"Nimekosea," akasema. "Mama, ile picha waliyomchukulia Chande niliipiga mimi. Alikuwa amekaa kimya, amenuna, hana habari. Mimi ndiye niliyemchekesha."

Bi. Mashavu akainua kichwa kutoka kwenye kamera. Akamtazama binti yake, akauliza, "Ulimwambia nini?"

"Mama..."

"Ulimwambia nini mpaka akacheka?"

"Mbuzi wa mwalimu mkuu," akasema Sikujua. "Alivyokula daftari la mahudhurio."

Kwanza ilikuwa pumzi tu. Kisha mabega ya Bi. Mashavu yakatikisika, vishimo vikarudi mahali pake, na kicheko ambacho hakikusikika tangu tarehe ishirini na tisa kikamtoka chote, na machozi humohumo. "Shule nzima haipo!" akasema. "Shule nzima! Basi alicheka, mwanangu. Walimchukua ameshacheka. Hilo ndilo kosa lako?"

Sikujua akafunika uso kwa mikono, akaufunua. Saa ikagonga kumi. Hakuinuka. Bi. Mashavu akaichomoa kamera kwenye miguu yake mitatu, ikawa inayumba mikononi mwake, akabonyeza.

Idara iliirudisha picha ile baada ya siku tatu, ikiwa na barua iliyosainiwa na Bwana Shomvi Kalamba. Picha haiko wima, ilisema barua, mkono wa mpigapicha ulitetemeka, na haijulikani kama mhusika analia au anacheka. Chini kabisa, chini ya sahihi na muhuri, palikuwa na neno moja limeandikwa kwa kalamu ya risasi, dogo, kama lililoandikwa na mtu aliyeogopa asionekane: nimekosea.